Gari Lililolia Mtaa Mzima

Dada yangu Kasuku,

Kosa la watu wengi wenye magari ni kudhani kwamba breki isiyolia ni breki nzima. Nimelifanya kosa hilo katika umri huu, mimi niliyefundisha fizikia mpaka vumbi la chaki likaniingia mapafuni, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kukupa. Lakini salamu kwanza. Hamjambo huko nyumbani? Mara hii nawauliza hali wote kwa pamoja, si mmoja mmoja kama nilivyozoea. Sababu utaiona mbele. Mimi ni mzima. Nakula, ingawa kupikia mtu mmoja kumenishinda tangu wifi yako atutoke. Sufuria ni ileile, basi leo nala kiporo cha jana, na kesho nitakula cha leo.

Lile gari la kijivu, ulilosema linafanana na kabati lenye magurudumu, bado ninalo. Juma lililopita lilianza kunitetemesha mguu kila nikikanyaga breki, nikalipeleka gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Mwenyewe ni fundi mwanamke niliyemfundisha zamani, alikuwa akikaa dawati la mwisho na kuuliza maswali ya dawati la kwanza. Nilipoingia getini, wafanyakazi wote waliinuka, mmoja akaacha hata chai yake. Nikadhani wamesimama kwa heshima ya mwalimu. Nikawapungia mkono kama mgeni rasmi.

Sasa vumilia kidogo, unajua siwezi kupita mahali pa kueleza nisieleze. Breki ya mbele ni diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili zinazoibana huku na huku, kama vidole viwili vinavyokamata sahani. Pedi ndiyo inayotakiwa kulika, ili diski ibaki. Na kwa kuwa binadamu husahau kukagua pedi, watengenezaji huweka kwenye pedi ulimi mdogo wa chuma. Pedi ikikaribia kwisha, ulimi ule hugusa diski na kutoa mlio mwembamba wa kukera, ili mwenye gari aone tabu na kuchukua hatua. Zangu zilikuwa zimepita hapo siku nyingi. Fundi alipotoa gurudumu, tulikuta chuma kinasaga chuma, na diski ina mifereji kama shamba lililotoka kulimwa.

Wengi hapo hununua pedi mpya, wakazifunga juu ya diski ileile na kwenda zao. Pedi mpya kwenye diski yenye mifereji hugusa matuta tu. Hushika vibaya, gari hutetemeka, na fedha imepotea. Fundi alipima unene wa diski, akaulinganisha na kipimo cha mwisho kilichopigwa chapa ukingoni, akaona bado ina nyama ya kutosha. Tukakubaliana diski zote mbili za mbele zichongwe. Akazifunga kwenye mashine moja baada ya nyingine, ikawa inazunguka, kisu kinapita taratibu kutoka ndani kwenda nje, na nyuma yake uso mpya unang'aa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakukuwa na mtu nyumbani wa kuuliza nimechelewa wapi.

Lakini nimeruka jambo, na nimeliruka kwa makusudi. Kabla ya kulipandisha gari kwenye jeki, fundi alikaa kwenye usukani, akaniketisha kando yake, akashusha vioo vyote. Akaniomba nimwambie nitakaposikia chochote. Tukazunguka uwanja wa gereji, anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena. Nikakaza masikio. Langoni nilimwona muuza magazeti ameweka mzigo wake chini na kujiziba masikio kwa viganja. Mimi bado nilikuwa nasubiri.

Fundi alizima injini, akanigeukia ili niuone mdomo wake.

“Mwalimu, gari hili linalia mtaa mzima. Unakaa na nani nyumbani?”

Nikamwambia sikai na mtu. Akaitikia kwa kichwa, akaingia kazini.

Ndiyo hivyo, Kasuku. Masikio yangu yamenitoka polepole, na anayeishi peke yake hana wa kumwambia. Jirani aliponiuliza kama redio yangu nimewanunulia wao, nilidhani ananitania, nikacheka. Kumbe alikuwa na mtoto mchanga.

Na kwenye simu, sauti yako ilikuwa imeanza kunifikia kama ya mtu anayeongea chini ya godoro. Niliona haya kukuambia rudia, rudia. Nikawa nabahatisha: ukinyamaza, naitikia. Na wewe ukianza kuongea hushikiki, basi niliona mambo yanakwenda. Siku ile ya mwisho uliongea kirefu, ukanyamaza, nami nikajibu, “Vizuri sana, nimefurahi.” Ukakata simu. Jioni ukanitumia ujumbe, “Asante kaka. Sitakusumbua tena.” Nikausoma na kuurudia, nikasema moyoni huyu amenichoka, nikanuna kama mtoto. Kimya chote hiki kimetoka hapo. Nimekuja kuelewa nikiwa kwenye kiti cha gari, natazama viganja vya muuza magazeti.

Sijui uliniambia nini, dada yangu. Najua tu kwamba halikuwa jambo la kufurahia.

Gari sasa linasimama vizuri. Fundi ameniagiza nikanyage breki kwa upole siku hizi za mwanzo, mpaka pedi mpya na uso mpya wa diski vizoeane. Nilimuuliza kama sasa kuko kimya, akasema kuko kimya kabisa. Kwangu hakuna tofauti. Daktari wa masikio amenipangia siku, nami nitakwenda, ila foleni yake ni ndefu na mimi siwezi kungoja mpaka hapo.

Nisalimie wote walioko. Ningetaka kumtaja kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, lakini kalamu inasita kwa kila jina, kwa sababu sijui siku ile ulikuwa ukinipa habari za nani. Kama kuna wa kupewa pole, mpe yangu, na umwambie imechelewa lakini ni ya kweli. Kama ni wewe, basi nisamehe.

Ndimi kaka yako, asiyekuchoka.

Simu usipige. Leo hii chukua karatasi, uniandikie ulichoniambia siku ile.