Kofia ya Dhahabu na Depo ya Baba Mdogo

Mpendwa Tantine Abigaïl,

Pokea salamu zangu zenye heshima yote, na unisaidie, kama unavyowashauri gazetini wote wanaokuandikia, kabla Ijumaa haijanikuta na kalamu mkononi, kwa maana siku hiyo ninatakiwa kutia sahihi karatasi itakayonipandisha cheo mbele ya dunia nzima na, wakati huohuo, kunishusha mbele ya meza ya nyumbani kwetu, hapa Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, ambako tayari hakuna anayenipakulia bukari, ugali wetu, kwa moyo mweupe.

Kwa kujitambulisha: mimi ni mhitimu wa chuo kikuu katika sayansi ya tarakilishi, mwenye distinction, jambo ninalolitaja si kwa majivuno bali kwa usahihi, na kwa kuwa makampuni ya mjini bado hayajatambua hasara yanayoipata kwa kunikosa, nimejitolea kwa mchezo mmoja wa mtandaoni uitwao Malori ya Dunia, ambamo wachezaji wa kila nchi huendesha malori na huruhusiwa kuchora barabara za kwao, nami nimechora barabara ya kutoka Mokambo, mpakani na Zambia, hadi Lubumbashi, pamoja na mashimo yake, foleni ya malori ya shaba, na vumbi ambalo mchezaji mmoja wa Ureno aliniandikia kwamba lilimkohoza akiwa sebuleni kwake. Kazi hiyo nimeifanya bila malipo, nikinunua mega za intaneti kwa fedha za kuombaomba, hata mama yangu, Mama Jeanne, anayeuza ndizi njiapanda, akaniuliza, "Merdi, hiyo kazi iko ya namna gani? Mwenye kufanya njo analipa?" nami nikamweleza kwa upole kwamba huo ndio uchumi mpya wa kidijitali, naye akajibu, "Aah! Sisi ba zamani, Leta, ni kusema serikali, ilikuwa inatufanyisha kazi ya bure kila juma, siku ya Samedi. Tulikuwa tunaiita salongo."

Sasa tatizo lenyewe. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, mama mdogo Martine, mumewe Baba Anaclet na binti yao Émerance walitukimbilia wakiwa na mabegi ya nguo na funguo za depo yao, depo ya bidhaa za jumla iliyoporwa mpaka rafu, na funguo hizo Baba Anaclet bado anazifunga kiunoni kila asubuhi, ijapokuwa hakuna tena mlango wa kufungua. Émerance, ambaye ana mkono wa kuchora, alikuwa hazungumzi na mtu, mpaka siku aliponiona nikihangaika na ukuta mmoja wa kando ya barabara katika mchezo wangu; alinisogeza, akaketi, na kwa majuma mengi akaijenga humo depo ya baba yake, na rangi yake ya buluu, na magunia ya maharagwe, na ubao wenye jina la mama yake, hata paka aliyezoea kulala juu ya mizani, na alipomaliza akaanza tena kula na kucheka, ingawa hajathubutu kumwonyesha baba yake, akihofu kwamba atalia.

Ndipo Bwana Clément, msimamizi wa wachezaji katika kampuni hiyo, aliponiandikia kwamba kazi yangu ni ya ajabu, kwamba barabara yangu itaingizwa katika mchezo rasmi, ule unaouzwa, na kwamba nitapewa, Tantine, ninanukuu, "heshima ya kofia ya dhahabu", yaani dereva wangu wa kwenye skrini atavaa kofia inayong'aa, na jina langu litapita mbele ya wachezaji wote mchezo unapofunguka, mradi tu nitie sahihi kwamba nimeitengeneza barabara peke yangu, na depo iondolewe, mahali pake pawekwe tangazo la kinywaji. Nilivaa koti na tai ili nimjibu "ndiyo" kwa hadhi inayostahili. Émerance akasoma akiwa nyuma ya bega langu, akasema hivi tu, akiniita Yaya, yaani kaka, kama kawaida yake: "Yaya Merdi, depo ya papa balisha kuiiba mara moja. Ile mara, angalau, hakuna mutu alibafungulia mulango."

Tangu hapo hasemi nami. Lakini, Tantine, ufikirie wasifu wangu wa kuombea kazi! Je, nikipata ajira kwa sababu ya kofia hiyo, si itakuwa faida ya familia yote? Niongeze, kwa ukamilifu wa taarifa, kwamba sauti ya muuza ndizi wa mpakani, inayowafokea madereva, "Munapita munaangalia tu! Macho inalipaka?", sauti ambayo Wabrazili husimamisha malori makusudi ili iwatukane, ni ya Mama, niliyemrekodi akiwa kazini, ingawa bado sijapata nafasi mwafaka ya kumjulisha.

Naomba unisaidie kutunga jibu la kukubali ambalo Émerance hatalichukia.

Wako mtiifu,
Merdi, mhitimu, Kasungami

*

Merdi mwanangu,

Barua yako nimeisoma yote, pamoja na distinction yake, na nimecheka mpaka kahawa ikamwagikia barua ya mama mmoja anayelalamikia mkwe wake. Pole yake, na pole yako pia. Uliyoifanya ni kazi, hata kama wenyewe wanaiita mchezo. Mtu anayechora vumbi la Mokambo mpaka Mreno akakohoa ana kipaji, na anayekiuza kipaji hicho huku akikulipa kofia ambayo huwezi hata kuivaa kwenda misa, anakudharau. Mama yako amekwisha kuliita jambo hilo kwa jina lake. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kwenye salongo hakuna aliyekwenda na tai.

Lakini usiniitikie kwa kichwa upesi hivyo, kwa maana sasa nakugeukia wewe. Nani amechukua sauti ya Mama Jeanne bila kumwuliza? Nani anatafuta kalamu ya kuandika kwamba mkono wa Émerance haukuwapo? Bwana Clément yuko mbali, yeye hajawahi kuwaona watu hawa. Wewe unakula nao chungu kimoja. Kumbe Clément mwingine anaishi Kasungami, na jina lake ni Merdi! Na hiyo "faida ya familia yote" uniondolee hapa. Kila anayekula peke yake husema anawaonjea wengine.

Jibu la kukubali ambalo Émerance hatalichukia halipo, mwanangu, na hata ningekuwa nalo nisingekupa. Kwa sasa depo ya Baba Anaclet imefunguliwa mahali pamoja tu duniani. Mahali hapo ndipo unapotaka kupauza.

Basi, Ijumaa usitie sahihi. Mwandikie Bwana Clément, kwa kifupi, bila kupanga sifa zako mlangoni: barabara hii imetengenezwa na watu watatu, majina yao ni haya, depo haiondoki, na kama mnataka kuiuza, tuleteeni mkataba wa kazi. Akikataa, iache barabara palepale ilipo, kwa wachezaji wote, na kofia wamtafutie kichwa kingine. Kwenye wasifu wako utaandika kwamba uliongoza kazi hiyo ukiwa na wenzako, na utaweka picha zake. Mwajiri mwenye akili ataitazama. Jina linalopita kwenye skrini halisomwi na mtu. Watoto wote wanabonyeza haraka ili walifikie lori.

Mama yako umwambie leo, si kesho. Msikilizishe. Akisema hapana, unaitoa sauti yake, Wabrazili wakilia au wasilie. Ila mimi nawajua wauza ndizi: atadai afoke upya, vizuri zaidi, na jina lake liandikwe la kwanza.

Kisha nenda kwa Émerance ukaombe radhi, bila koti. Akikuruhusu, mkalishe Baba Anaclet mbele ya hiyo tarakilishi, umpe usukani. Mwache aendeshe mwenyewe kutoka Mokambo, aingie kwenye mashimo yako yote, afokewe na shemeji yake. Akiuona ule ukuta wa buluu atasimamisha lori. Hapo usimweleze kitu, hasa uchumi wa kidijitali. Mpishe Émerance aketi kando ya baba yake, toka nje, uufunge mlango polepole, uende njiapanda ukanunue ndizi.

Na ulipe.

Tantine Abigaïl