Jiwe Lako Katika Ukuta wa Safina

Baba,

Shikamoo, popote ulipo. Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua. Hapa Norsborg, Uswidi, mambo ni yale yale tangu tukuzike, ila kiti chako nimekigeuza pa kurundika nguo za kukunja, na kila nikizikunja naona aibu.

Nilikwenda Polandi, Baba. Peke yangu. Kanisa lako lipo kama ulivyosimulia: limejipinda kama safina iliyokwama katikati ya maghorofa yaliyopangwa mistari, mtaa ambao wakomunisti waliuchora bila kanisa, watu wakalidai mpaka wakalijenga kwa mikono yao. Mezani tulikuwa tunakucheka, mimi na wajukuu zako, ukisema ukuta wote umevikwa mawe ya mtoni na moja ni la Bukoba, ulilotoka nalo mfukoni ulipotumwa huko kusomea ufuaji chuma, ukalipachika mwenyewe walipokuwa wakijenga. "Jekundu, kushoto kwa mlango, usawa wa bega langu." Tulidhani unatia chumvi.

Mawe mekundu ni mengi, Baba. Na bega lipi, la yule kijana au la mzee niliyekuwa namvalisha koti? Nilipapasa ukuta mpaka vidole vikafa ganzi. Mwishowe nikapiga picha jiwe moja lililonipendeza, nikamwambia Mama ndilo.

Sasa limo kwenye fremu kando ya picha yako. Jumapili, baada ya misa ya Kiswahili, Mama huwaonyesha wageni. Mama mmoja Mkongo alilibusu, akasema, "Aksanti Yezu, muzee aliacha alama." Mimi nilikimbilia jikoni kuosha vikombe visafi.

Njia ya mwongo fupi, ulikuwa ukituambia. Mama anataka twende wote, akaliguse kwa mkono wake. Ameshatoa begi juu ya kabati.

Nitamwambia kesho, akishakunywa chai, kabla hatujakata tiketi. Nakuahidi. Akilia, tutalia wote. Ninaloliogopa ni swali litakalofuata, maana miaka yote ile uliniomba, "Mwanangu, ni usiku mmoja tu kwenye feri," nami nikakujibu majira ya joto yajayo. Ataniuliza kwa nini sikukupeleka wakati ungali unaweza kulionyesha kwa kidole.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Koku