Mama Kendi na Msamaha wa Siku ya Upatanisho

Mwaka umetimia, Nkatha, tangu asubuhi ile ya tarehe 28 Septemba ulipotutoka bila kuaga. Ulikuwa jikoni kwetu Mount Dennis, hapa Toronto, chai iko motoni, ukamwambia binti yako Kendi kichwa kinakuuma. Kufika adhuhuri daktari alikuwa ametuita pembeni. Kiharusi, akasema.

Mama Riva anasema tumechelewa. Kalenda ya Kiyahudi inafuata mwezi, na kwa hesabu hiyo mwaka wako ulitimia siku kumi kabla ya huu wetu. Siku hiyo aliwasha mshumaa wa marehemu, ule unaowaka usiku kucha na mchana kutwa, akausimamisha ndani ya sinki kama ulivyomfundisha, maana wewe na kuogopa moto! Kisha akatupigia simu kutugombeza. Alikuwa analia, lakini aligomba kwanza.

Wewe unamjua, ila wanaosoma tangazo hili wengine hawamjui. Ni bibi wa Kiyahudi wa miaka tisini na moja, anakaa barabara ya Bathurst, nawe ulimtunza miaka tisa. Ulimwogesha, ukampa dawa zake, ukambishia kila siku kuhusu chumvi. Uliingia pale kama mfanyakazi. Ulipozikwa, alikaa mstari wa mbele pamoja nasi, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka wako wa kwanza kwake ulimpelekea mandazi moto wiki ya Pasaka yao. Loo! Wiki ambayo nyumba ya Myahudi haitakiwi kuwa na hata chembe ya kitu kilichoumuka. Bibi alikuwa amefagia, amefuta kabati, ametafuta makombo kwa mshumaa na unyoya, halafu wewe huyo mlangoni na kifuko kinanukia iliki. Alicheka mpaka akakohoa. Mandazi uliyala mwenyewe kituo cha basi, umesimama, huku baridi inakukata masikio. Ukarudi ukamuuliza sababu, akakueleza kwamba wazee wake walipotoka Misri walitoka mbio, unga haukupata nafasi ya kuumuka, na kwamba chachu ni kama majivuno, hufura bila kuongeza kitu.

Tangu hapo tulikoma. Kila ikikaribia Pasaka ulituamsha Jumamosi tusogeze friji, tufagie makombo. Ndegwa, mumeo, alikuwa akisema ameoa Mmeru na sasa anafagia kama Myahudi. Lakini mezani kwa Mama Riva alienda kila mwaka, akala mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu za kukumbuka utumwa, machozi yakamtoka, akaomba aongezwe. Na kwa kuwa pale mtoto mdogo kuliko wote ndiye huuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, Kendi wetu ndiye aliyeuliza. Bibi hakuwa na mjukuu karibu. Binti yako alimtosha.

Sikukuu ya Vibanda nayo uliipenda. Wanajenga kibanda nje, wanaezeka matawi machache ili nyota zionekane, wanakula humo siku saba wakumbuke kwamba nyumba zote ni za kupita. Wewe ulikitazama ukasema, "Hiki si kibanda cha kufukuzia ndege shambani kwa baba?" Ukaingia, ukakaa kama mwenye nyumba.

Lakini iliyokubadilisha ni Siku ya Upatanisho. Siku hiyo hawali, hawanywi hata maji, kuanzia jioni hadi jioni ya pili nyota zikitoka. Wanavaa nyeupe, wala hawavai viatu vya ngozi. Mkesha wake, mwaka wako wa kwanza, Mama Riva alikuita sebuleni amevaa gauni lake zuri na raba za kitambaa miguuni. Ukadhani anataka dawa. Akakuambia, "Nkatha, kama mwaka huu nimekukosea, kwa neno au kwa kelele, nakuomba unisamehe." Ukasema hakuna kitu, bibi. Akakataa. Akasema makosa yake na Mungu, siku hiyo inayafuta. Makosa yake na wewe, Mungu hayagusi mpaka aje kwako kwa miguu yake mwenyewe. Uliingia jikoni ukalia. Ulitusimulia kwamba katika maisha yako yote hakuna mtu aliyekuajiri aliyewahi kukuomba radhi.

Ndiyo maana kila mkesha wa siku hiyo ulishika simu. Ulimpigia mchungaji, majirani, wale mliokoseana nao kwenye kwaya. Wengine walikuuliza kama unaumwa. Na simu ya mwisho, uliyoiwekea kiti na glasi ya maji, ilikuwa ya Kinoti.

Na hapa, Mama Kendi, hatutaficha, kwa sababu wewe hukuficha. Kinoti ni ndugu yako wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yenu. Mama alipofariki, miaka sita iliyopita, karatasi zako za kukaa Kanada zilikuwa bado mezani kwa maofisa wa uhamiaji. Ungetoka, usingeruhusiwa kurudi. Ukabaki. Mazishi ukayatazama kwa simu, Kendi akiwa ubavuni pako, ana miaka kumi. Kinoti akashika kipaza sauti mbele ya kijiji kizima, akasema, "Dada yangu ameona wazungu ni watamu kuliko mama yake. Kuanzia leo sina dada." Wewe ulizima simu. Kendi alikuwa ameshasikia.

Ulimwomba msamaha kwa kumwachia jeneza la mama peke yake. Mara ya kwanza alikuwa bado Meru. Mara ya pili na ya tatu alikuwa hapa hapa Toronto, mtaa wa Jane na Finch, basi moja tu kutoka kwetu. Hakuinua. Uliacha ujumbe wa sauti, yeye akausikiliza na kukaa kimya. Baada ya mara ya tatu Mama Riva alikuambia umemaliza, sheria yao inasema ukiomba mara tatu kwa moyo, dhambi si yako tena, ni ya aliyekataa. Ulimjibu, "Sasa si ndiyo mbaya zaidi? Nimwachie mdogo wangu mzigo huo?" Mwaka wa nne ukapiga tena.

Mwaka wa tano hukufika. Ulitutoka wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Kinoti ametuambia, na tunaamini, kwamba mwaka ule alikuwa ameamua kuinua simu. Jioni ya mkesha alikaa nayo mkononi hadi giza, na dada yake yuko kaburini tayari. Anasema ni hapo alipojua hasa kwamba umekufa. Mazishini alikuwa amesimama nyuma kabisa kama mpita njia.

Septemba hii alibisha kwa Mama Riva. Bibi hakumkaribisha chai. Alimwambia, "Ulingoja mpaka haiwezekani kirahisi. Basi itawezekana kwa taabu." Akamfundisha desturi yao: aliyemkosea mtu akafa kabla hajapatanishwa naye, huchukua watu kumi, huenda nao kaburini, husema kosa lake kwa sauti, na wale kumi humjibu. Kinoti akauliza kama watu wa kanisa wanafaa. Bibi akasema rabi angekuwa na la kusema, ila yeye ana miaka tisini na moja, na rabi huyo ni kijana aliyemjua tangu yuko kwenye nepi.

Basi Jumapili ya mwaka wako tulikuja kaburini kwako. Tulikuwa katika zile siku kumi zao za toba, kati ya mwaka mpya na Siku ya Upatanisho. Uliona ulivyokuwa na wageni? Ndegwa, Kendi, Mama Riva kwenye kiti chake cha magurudumu, na saba wa kikundi chako cha maombi. Kumi kamili. Kinoti akavua kofia. Kisha akasema, "Nimemkosea Mungu na nimemkosea dada yangu Nkatha. Nilimkana mbele ya jeneza la mama. Aliniomba msamaha mara nne na mimi ndiye niliyepaswa kuomba. Dada, nilikuwa nasikia simu."

Tukajibu kama tulivyofundishwa, "Umesamehewa." Ndegwa alijibu, na unajua jinsi alivyokuwa na uchungu naye. Mama Riva alijibu. Lakini tulikuwa tisa. Kendi alikuwa amefumba mdomo, anatazama nyasi.

"Kendi," baba yake akamnong'oneza.

Akajibu kwa Kiswahili, yeye ambaye tukimsemesha hutujibu kwa Kiingereza. "Mimi sijasamehe. Mama alikuwa analia kila mwaka na mimi ndiye nilikuwa namshikia glasi. Anko ameomba wote hapa. Mimi hajaniomba."

Mmoja wa kina mama akaanza kumkemea, mtoto gani huyo anasema hivyo kaburini. Mama Riva, ambaye Ndegwa alikuwa akimtafsiria, akampiga yule mama mkono. "Mwacheni! Ana haki. Nilimwambia kijana alete kumi, nikadhani ana akili ya kuanza na walio hai."

Kinoti aligeuka, akakupa mgongo, nawe utusamehe kwa hilo. Akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, suruali yake ya kanisani hiyo. "Kendi, nilimtukana mama yako na wewe unasikia. Halafu nikakunyima mjomba miaka yote hii. Nisamehe."

Wengine tulikuwa tunamwomba Mungu aseme ndiyo, tukanywe chai.

"Bado," akasema.

"Sawa. Nitakuja tena kukuomba."

"Njoo."

Hatukukamilisha kumi. Tuliimba ubeti mmoja wa wimbo uliokuwa ukiupenda, tukaondoka, na kwa kweli tulirudi tumenyong'onyea. Kinoti alikataa lifti ya Ndegwa. Alisema atapanda basi.

Usiku huo tulikaa kuandika tangazo hili, tukafika mahali pa majina. Ndegwa akaweka kalamu chini, akamwambia Kendi, "Hili ni la mama yako. Jina la anko wako likae ama lisikae, sema wewe." Kendi akachukua karatasi, akaisoma yote tangu mwanzo. Kisha akaichukua kalamu.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mumeo Ndegwa, binti yako wa pekee Kendi, Mama Riva wa barabara ya Bathurst, kikundi cha maombi cha Mount Dennis, jamaa wote wa Meru na wa Nyeri, na, kwa mwandiko wa Kendi mwenyewe, ndugu yako Kinoti.

Hutatoka mioyoni mwetu, Nkatha, siku zote tutakazojaliwa.