Mama Kasali Vipi Alfajiri

Jang'ombe,
Unguja.
9 Februari, 2024

Mpendwa kaka Anuar,

Shikamoo. Hujambo huko Maskati? Wifi Rahila na mwanao Kheir hawajambo? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Nshaandika hivyo kwa mazoea, nisamehe, maana maneno hayo ndiyo yaliyotaka kutuponza.

Mama kalazwa tangu Jumatatu. Sikukupigia simu kwa kuwa nnashinda naye hapa na anasikia kila neno. Barua hii atakuletea Nadra, anayesafiri kuja huko.

Wodi ina dirisha refu. Asubuhi mwanga unaingia taratibu, pazia linapanda na kushuka, nami husinzia nikajiona tuko barazani kwa bibi, sote wadogo, Mama anatunga asumini. Nikishtuka mkono wake umo mkononi mwangu, umevimba.

Daktari wa kwanza, kijana mpole, kila akipita humuuliza, "Hujambo mama?" Na Mama, meno nje: "Sijambo mwanangu, sijambo kabisa. Nyumbani kwenu wazima?" Jumatano akasema hana haja ya kulazwa, atumie vidonge nyumbani. Kaka, nilifurahi! Nikakunja kanga zake upesi upesi. Mjinga mimi.

Akaja Daktari Tahiya, mkubwa wake, kusaini ruhusa. Yeye hakuuliza hali. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Bi Ummkulthum, leo Alfajiri umesali vipi?"

 Unamjua Mama, kwenye sala hasemi uongo. Akajibu kwa sauti ndogo, "Nimesali nimekaa. Nkiinama kusujudu pumzi zinakata. Leo siku ya kumi na moja."

Siku kumi na moja, nami nalala chumba cha pili! Nililia mbele za watu. Daktari akamsikiliza kifua upya, akaagiza kipimo cha moyo. Mapafu yamejaa maji. Alisema wazi kwamba kama Mama angerudi nyumbani, huenda tusingefika naye Ijumaa.

Leo ndiyo Ijumaa, na yupo. Anapewa dawa ya kutoa maji, uvimbe unapungua. Ananuna tu, anataka akamwagilie asumini zake. Wallahi hatoki mpaka Tahiya aseme.

Mjomba Mkadam anakusalimu. Mungu akuhifadhi ugenini na atukutanishe sote na Mama yetu.

Ukimpigia, tafadhali usimuulize kama hajambo. Muulize kasali vipi. Leo Alfajiri alisimama rakaa moja nzima, kisha akaniegemea.

Mdogo wako akupendaye sana,
Mayasa