Siku Kumi za Papa Gregori

Jumanne, 4 Oktoba 1960

Leo nimewasomesha darasa la saba habari za Papa Gregori wa Kumi na Tatu. Wamenisikiliza! Mwanasheria wa Bologna, alizaa mtoto kabla ya kuwa padri, kapewa upapa akiwa na miaka sabini. Mwengine angekaa akingoja kaburi. Yeye kajenga vyuo, kawaita mahodari wa hisabati. Mwaka wa kalenda ulikuwa ukizidi ule wa jua — dakika chache tu, lakini karne kwa karne zikawa siku kumi. Akazifuta! Watu wamelala Alhamisi tarehe nne, wameamka Ijumaa tarehe kumi na tano.

Time binti Jecha kainua mkono: na aliyepanga harusi tarehe kumi je? Darasa zima kucheka.

Alhamisi nitawapa ubaya wake. Waprotestanti walichinjwa Ufaransa, naye akaamrisha ibada ya shukrani. Sifichi kitu. Yote yamo daftarini. Bakar, mwalimu wetu wa hesabu, alikaa nalo wiki nzima iliyopita. Kanirudishia jana: shemegi, hii kazi ya mtu wa kwenda Uingereza. Yeye ni mume wa mdogo wangu, na rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa tukisoma Kurani kwa maalim. Sifa yake naithamini kuliko ya inspekta wa skuli.

Jumatano, 5 Oktoba

Mwalimu Mkuu Msellem kaniita ofisini. Barua. Imepigwa taipu, haina jina. Eti nasomesha Ukristo, namtukuza Papa mbele ya watoto wa Kiislamu. Wazee wa kamati wanayo kopi. Safari yangu ya masomo Uingereza imesimamishwa. Nafasi ni moja, na anayenifuata ni Bakar.

Wamenukuu maneno yangu: "mzee aliyeona mbali kuliko vijana wa zama zake." Ya ibada ya shukrani hayamo hata neno.

Halafu nikaiona tarehe ya barua. Tatu Oktoba. Mimi nimesomesha tarehe nne!

Nikamwonesha Mwalimu Mkuu. Kasema labda kosa la taipu.

Daftari lile kalisoma mtu mmoja tu. La — siandiki. Huenda kuna mwengine. Nani?

Alhamisi, 6 Oktoba

Sikuingia darasani, nimekatazwa.

Baada ya alasiri kaja Mwanapili, mdogo wangu. Kasimama mlangoni, hakutaka kukaa. Kaka, barua ile kaipiga taipu mume wangu, nimemuona kwa macho yangu. Mie nilidhani ya skuli. Akalia. Kisha: ukinitaja mie nnaachika, kaka, na watoto watatu n'tawapeleka wapi?

Nimemwambia, wewe hukuja hapa leo.

Miaka ishirini na mbili! Tumekula sahani moja, mimi na Bakar. Mimi ndiye niliyemwambia baba ampe binti yake.

Ijumaa, 7 Oktoba

Msikitini Bakar kanipa mkono. Nimeupokea.

Jumamosi, 8 Oktoba

Kamati imekaa darasani. Wazee saba, na Mzee Nyange mwenyekiti. Nimeulizwa kama nimeritadi, nimetoka katika Uislamu — mzee mmoja kasema hivyo hivyo! Nikasoma daftari, ya ibada na yote. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Mzee Nyange akauliza: basi nani anayekutakia shari, Mwalimu Silima?

Nilikuwa nalo jina. Nikasema, sijui.

Hapo Bakar akainuka. Kanzu nyeupe, sauti ya huruma. Mimi nimelisoma daftari hili kabla ya watu wote, kasema, na namjua shemegi yangu, hana dini mbovu, ana pupa tu ya elimu. Wazee, niachieni mimi nimsemee. Aombe radhi, mambo yaishe.

Wameipenda! Mzee Nyange kaniuliza: unaridhia shemegio akusemee?

Adhana ikatuokoa. Tumesali adhuhuri bega kwa bega, mimi na yeye.

Sasa wanakunywa kahawa barazani, naandika kwenye dawati la nyuma. Mwanapili ndiye aliyeleta birika. Hakunitazama. Bakar keshaingia, kavuta kiti cha pili, kakiweka ubavuni mwa chake. Anakipigapiga kwa kiganja, ananiita nikae.

Wazee wanarudi. Mzee Nyange: haya, Mwalimu, tunangoja jawabu lako.