Nafasi ya Kwanza kwa Jina la Mama Faida

“Yule mzee wa Songo anasomwa na simu yake mwenyewe tu.”

Hayo aliyaandika wiki iliyopita mwenye blogu mmoja wa Bukavu, mtu anayejua kutukana kwa Kifaransa kizuri, baada ya mimi kuonyesha hadharani kwamba makala yake kuhusu mashamba ya bonde la Ruzizi ilikuwa maneno ya kuokota sokoni. Nilikasirika sana. Mimi ni mtu wa ushahidi. Nimesoma vitabu vingi kuliko idadi ya siku alizowahi kukaa mezani kuandika. Nikasema nitamjibu kwa takwimu.

Leo ni Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, milima nyuma ya mji imefunikwa kabisa, na paneli yangu ya jua inachaji kwa uvivu. Takwimu ninazo. Sitamjibu.

Nieleze kwanza nilichokuwa nakitafuta. Zipo programu zinazopima tovuti yako inatokea nafasi ya ngapi mtu anapotafuta neno fulani mtandaoni. Unaiambia programu maneno, inakwenda kuyatafuta kama vile ni mtu mgeni, kisha inakuletea namba. Jumatatu asubuhi nilikaa na programu tatu ili nichague moja.

Ya kwanza ilikuwa na michoro ya kupendeza. Iliniuliza mji. Nikaandika Uvira, ikanyamaza, kisha ikanipa Kinshasa. Yaani kwa watu walioitengeneza, mama wa Kalundu, bandari yetu, akitafuta bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye simu anakuwa ameketi Kinshasa, upande mwingine wa nchi, ambako watu hutafuta kwa Kilingala na Kifaransa. Nikaifunga. Ya pili ilijua Kiswahili, lakini Kiswahili chake kiliishi Nairobi na Dar es Salaam tu, na kabla hata ya kuijaribu ilidai kadi ya benki ya aina ambayo sina. Nikaifunga nayo.

Ya tatu ilikuwa na sura mbaya, kama fomu ya ofisi ya komini. Lakini ilinifungulia ramani, ikaniruhusu kuweka alama popote nitakapo. Niliiweka Songo, mtaa wangu hapa Uvira, karibu juu ya bati langu. Ikaniuliza kama wasomaji wangu hutumia kompyuta au simu. Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Ikanipa majuma mawili ya kujaribu na maneno kumi ya kufuatilia.

Nikaandika tisa kwa haraka. Habari za Uvira. Bei ya ndagala Kalundu. Barabara ya Uvira. Mihogo ya Kiringye. Na mengine ya namna hiyo, pamoja na jina langu, sikuona haya.

Matokeo yalikuja baada ya muda mfupi tu. Kwa “habari za Uvira” mimi ni wa thelathini na saba. Kwa jina langu mwenyewe ni wa pili, nyuma ya mchezaji mpira.

Kwenye simu yangu huwa natokea wa kwanza kila mara. Ndiyo sababu nilikuwa najigamba. Sikuwahi kufikiri kwamba simu yangu inanijua, kwamba inanipa kile ambacho kidole changu kimekigusa mara elfu. Kwa hiyo yule mtu wa Bukavu alikuwa sahihi. Naandika hili mara moja tu.

Lakini hilo si jambo linaloniuma leo.

Neno la kumi sikuwa nalo. Programu ikaomba ruhusa ya kuangalia takwimu za tovuti yangu ili inipendekezee. Nikakubali. Pendekezo la kwanza kabisa, neno linaloniletea watu wengi kuliko maneno yangu yote tisa, lilikuwa hili: mama faida kalundu.

Nikalibonyeza. Nafasi ya kwanza. Pembeni pakatokea nyota ndogo ya kijani.

Kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nakiri. Niliona namba moja na moyo wangu ukacheka kabla kichwa hakijasoma.

Mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani mwa watu, Mama Faida, anayeongoza chama cha wanawake wanaokausha ndagala kule Kalundu, alikabidhiwa turubai za kuwagawia waliopoteza makao. Mtu mmoja alinipigia simu kwamba ameona turubai hizo zikipakiwa kwenye boti. Siku hiyohiyo nikaandika makala. Kichwa chake kilikuwa: “Mama Faida Amezipeleka Wapi Turubai za Watu?” Nilikiweka kwa alama ya kuuliza kwa sababu mimi ni mjanja, anayeuliza hashitakiwi. Ndani ya makala sikuuliza chochote. Nilihukumu kwamba ameziuza.

Turubai zilikwenda kwa boti kwa sababu barabara ya kusini ilikuwa imekatwa na maji, na huko kusini nako watu walikuwa wanalala nje. Walizipata zote. Ningelijua hilo kwa kupanda pikipiki dakika chache hadi Kalundu na kumwuliza. Sikupanda.

Ukweli uliponifikia nilifanya kama tunavyofanya hapa. Nilikwenda nyumbani kwake na mchungaji wangu, na kwa kuwa Mama Faida ni Mwislamu, wa zile familia za biashara za zamani, nikamwomba na shemeji yake awepo. Nilibeba kreti ya sukre, soda za kila rangi. Niliomba msamaha, tukanywa, na shemeji akafunga neno: kuanzia leo, yeyote atakayelitaja tena jambo hili ndiye atakayekuwa amekosa. Kila mtu wa pwani hii anajua uzito wake. Neno likishanywewa halitajwi.

Niliporudi nyumbani niliandika sahihisho kwenye tovuti. Sikulitaja jina lake, kwa kuwa neno lilikuwa limefungwa. Niliandika “mama mmoja”, “makala ya zamani”, “taarifa haikukamilika”. Na ile makala yenyewe sikuigusa. Kuigusa kungekuwa ni kuifungua.

Jumatatu nilitafuta sahihisho hilo kwa ile programu. Inaangalia matokeo mia ya kwanza. Halimo. Litakuwamo vipi, wakati halina jina la mtu yeyote? Uongo wangu una jina lake na sahihisho langu halina. Mashine haikuwapo siku tuliyokunywa soda.

Na chini ya makala yangu, nafasi ya pili hadi ya sita, kuna kurasa tano za watu wengine waliochukua maneno yangu yote, pamoja na ile alama ya kuuliza.

Jana nilikwenda Kalundu. Mama Faida alikuwa anageuza ndagala juu ya nyavu, ameinama, kitambaa kichwani. Akaniona kabla sijafika.

“Papa Bahati, leo habari zimekosa mu mji?”

Wanawake waliokuwa pembeni wakacheka. Nikacheka nami, kisha nikamwomba tusogee kando, nikamwambia kwamba nitavunja neno, na kwamba kosa la kulivunja liwe langu. Nikamwonyesha simu. Hakuitazama.

“Najua iko,” akasema. “Tangu siku mingi.”

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

“Nikuambie namna gani? Tulikunywa. Weye ulikunywa ya orange, minye nikakunywa ya rouge, shemeji akafunga. Nikikuambia, ni minye navunja.”

Akaendelea kugeuza samaki. Nilifikiri amemaliza. Kisha, bila kuinua uso, akanieleza habari za Faida, binti yake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi. Kuna familia ya Kalemie iliyokuja kujionyesha mwezi uliopita, kumposa kwa ajili ya kijana wao. Walikula, walizungumza vizuri, wakaaga. Baadaye wakatuma ujumbe kwamba wanataka kungoja kwanza. Jumamosi hii baba mdogo wa yule mwanaume anakuja kwa boti kutoa jibu la mwisho.

“Bale bantu baliangalia mu telefone,” akasema. “Iko jina ya mutoto wangu pale juu. Hawasomi hata ile ya chini. Wanaona Faida, wanaona turubai, basi.”

Hilo sikuwahi kuliwaza, mimi ninayejiita mtu wa kufikiri. Tunamwita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ni heshima yetu. Nilipomtukana mama nilimwandika binti. Wakati huo alikuwa bado mwanafunzi.

Nilianza kuomba msamaha tena. Akanizuia kwa mkono uliojaa magamba.

“Ile siku ya kunitukana ulifanya mbele ya dunia. Musamaha uliniombea mu salon ya nyumba yangu.”

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kujibu. Kazi yangu miaka yote hii ni kujibu hasira.

Nikamwomba ruhusa ya kuandika upya, kwa jina. Akasema si yake peke yake, akamwita Faida kwa simu. Wakaongea kidogo. Kisha akanigeukia: “Anasema andika. Lakini andika kwa nguvu ileile.” Haya unayoyasoma, Faida ameyasoma kabla hayajatoka, na amefuta sentensi mbili.

Njiani kurudi nilijipa utetezi. Nikasema: mila ndiyo iliyonifunga mikono. Nilifika mbali na utetezi huo, karibu hadi mlangoni. Halafu nikakumbuka kitu.

Mwaka jana nilibadilisha sura ya tovuti nzima. Nilihamisha makala zote kwa mkono, moja baada ya nyingine, na nyingi mbaya nikazitupa. Ile ya Mama Faida niliihamisha. Nilisita, nikaona idadi ya watu wanaoifungua, nikaihamisha. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa na soda. Makala niliiacha iendelee kunifanyia kazi. Mila ilinifaa. Ndivyo ilivyokuwa.

Ningekuwa nimemkuta mtu mwingine amefanya hivyo, ningemwandikia kurasa nne.

Nilitaka kuifuta usiku kabla sijalala. Nikaangalia tena ile orodha ya programu na kuona kwamba nikijitoa nafasi ya kwanza, mmoja wa wale watano atapanda kukaa pale na maneno yaleyale. Kwa hiyo leo asubuhi nimeuacha ukurasa mahali pake na kubadilisha kila kilichomo. Kichwa sasa kinasema: “Mama Faida wa Kalundu Hakuuza Turubai. Mimi Ndiye Niliyesema Uongo.” Hakuna alama ya kuuliza. Chini nimeeleza boti, barabara iliyokatwa, na uvivu wangu wa kutopanda pikipiki.

Nimechagua programu ya tatu, ile yenye sura ya fomu ya komini. Nimefuta maneno yangu tisa, na jina langu pamoja nayo. Nimebakiza moja. Kila asubuhi itakwenda kutafuta jina la Mama Faida kama mtu mgeni, kama baba mdogo wa Kalemie aliyeketi na simu yake, na itaniambia ameona nini.

Leo ameona kichwa cha zamani. Mtambo wa kutafuta haujapita kusoma upya. Nimeuomba upite, ukajibu kwamba ombi limepokelewa, jibu ambalo kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi analijua.

Je, ukipita kesho itatosha? Hapana. Mtu huteremsha kidole. Chini yangu mpo ninyi.

Basi nasema nanyi watano, na mnajijua. Wewe mwingine wa Bukavu, mwenye ukurasa wa “ufichuzi”. Ninyi wawili wa Bujumbura. Wewe uliye Ulaya unayeandika kuhusu nyumbani bila kumpigia mtu wa nyumbani simu. Na wewe wa hapahapa Uvira, ambaye tunasalimiana kila Jumapili. Mlichukua makala yangu bila kuniuliza na sikulalamika, kwa sababu ilinipendeza. Nilikosea kuiandika, mmekosea kuibeba, na kosa langu halifuti lenu.

Sitaki mniombe radhi. Sitaki mniandikie kwamba mtaangalia. Fungueni ukurasa huo leo, ondoeni maneno yangu yote, na mahali pake mwandike kwa jina kamili kwamba Mama Faida wa Kalundu hakuuza kitu. Msiandike “mama mmoja”. Boti ya Kalemie inafika Jumamosi. Nataka iwe imekwisha Ijumaa kabla ya jua kuzama, na kila asubuhi hadi siku hiyo nitakuwa natazama nani bado hajafanya.