Mkiona Tumeruka, Simameni

Jumanne, 5 Novemba

Asubuhi bandarini. Kreni mbili mbovu, msemaji hapatikani. Nikaandika aya nne, nikazituma gazetini. Baada ya alasiri nikaenda mtaa wa Kuze, hapa Mombasa, kunywa kahawa kwenye baraza ya Mzee Shee, kama kila siku tangu mwaka jana.

Dennis alisimulia tena. Ni Mwingereza, baharia mstaafu, anaishi peke yake chumba cha juu nyuma ya msikiti. Vita vya Ghuba, mwaka wa tisini na moja. Meli yao ndogo ilikuwa ikisaka mabomu ya baharini. Wao mbele, na nyuma yao, katika njia waliyokwisha kuisafisha, manowari ya Kimarekani. Alfajiri Wamarekani wakawasha taa ya ishara: "Tunawafuata. Msikosee." Dennis alikuwa kwenye taa ya meli yao. Akajibu: "Mkiona tumeruka, simameni." Yaani bomu likiwarusha.

Baraza nzima hulitamka jibu hilo pamoja naye. Mzee Shee, karani wa bandari wa zamani, alisema manowari yenyewe yazidi kukua; juzi ilikuwa kubwa kama mtaa wa Likoni, leo imechukua na Mtongwe.

Mhariri anataka ukurasa mzima wa Jumapili, siku Waingereza wanapowakumbuka askari wao. Nitaandika hili. Niliwaambia barazani wasitarajie machozi, mimi naandika kama karani wa mochari. Walicheka sana.

Chakula cha jioni mkahawa wa Bondeni, meza ya ukutani. Wali, maharagwe. Nyumbani hakuna la kuandika.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimehakiki. Meli za Kiingereza za kusaka mabomu zilikuwapo Ghuba mwezi anaoutaja. Ni kweli zilitangulia manowari za Kimarekani. Meli yake ilikuwapo, na jina la Dennis limo katika orodha ya mabaharia. Hesabu zote zinalingana.

Nilimsomea Dennis rasimu. Kiswahili chake kizuri, cha hapahapa. Aliuliza kama gazeti husomwa Uingereza. Nikasema siku hizi kila kitu husomwa kila mahali. Akasema labda si lazima jina lake liandikwe. Nikamwambia habari bila jina ni uvumi. Niliona anaona haya kusifiwa. Nimeshaona wengi wa namna hiyo.

Jumapili, 10 Novemba

Ukurasa umetoka. Picha ya Dennis nzuri, kichwa cha habari si changu.

Alasiri nilikwenda barazani. Nilitarajia wamtanie. Hakuna aliyemtania. Mzee Shee alilikunja gazeti mara nne akalikalia. Dennis alikunywa kikombe kimoja, akaaga.

Nilirudi kwa miguu. Mtoto wangu hakupiga simu kutoka Nairobi. Jumapili hupiga. Labda kazi.

Jumatatu, 11 Novemba

Barua pepe kutoka Uingereza. Mwanamke, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri na aliyekasirika. Anasema mtu wa taa alikuwa baba yake, Colin. Habari ile alimsimulia mezani tangu akiwa msichana, neno kwa neno. Colin alihamia Mombasa alipostaafu. Alikufa hapa miaka mitatu iliyopita. Dennis alikuwa rafiki yake, wa meli ileile. Lakini Dennis alikuwa mpishi. Anataka jina la baba yake lirudishwe mahali pake.

Nimeisoma mara tatu. Sioni pa kuipinga. Orodha ya mabaharia ilinipa jina la Dennis. Haikunipa kazi yake, nami sikuiuliza.

Miaka yote hii kazini, sijawahi kukosea mtu.

Jumanne, 12 Novemba

Nilifika barazani mapema. Mzee Shee alikuwa peke yake, anasugua kiti chake kwa gazeti. Nadhani ni lile letu.

Nikamuuliza kama alimjua Colin.

"Kwani nani hakumjua? Akiketi hapo hapo anapoketi Dennis sasa. Habari ya taa ni yake. Tumeisikia mpaka tukaihifadhi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe waja hapa mwaka mzima, waulizia meli. Watu huwaulizii."

Nikamwambia nilichapisha uongo na wao walijua. Hakukasirika. Alinieleza taratibu. Colin alipokufa Dennis aliendelea kuja, akiketi kimya, mwisho wa benchi. Miezi mingi. Siku moja mtu alijisahau, kwa mazoea tu akasema, haya, tupe meli. Dennis akaisimulia. Badala ya "yeye" akasema "mimi." Hakuna aliyemkatiza. Siku ya pili akaketi pale pa Colin.

"Mtu amejisitiri kwa nguo ya marehemu," Mzee Shee akasema. "Wataka tumvue hadharani? Sisi hatufanyi hivyo, mwandishi. Huko kwenu Taita mwafanya?"

Dennis hakutokea leo.

Jumatano, 13 Novemba

Nilipanda ngazi mpaka mlangoni kwake. Nikapiga hodi. Nilisikia kiti kikisogezwa. Nikapiga tena. Hakufungua.

Mhariri anataka sahihisho Jumapili, mistari mitatu, ukurasa wa pili. Ndiyo kanuni. Ningekuwa mimi mhariri ningesema hivyohivyo.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo alifungua. Chumba safi mno, kama cha melini. Kitanda kimetandikwa kwa kukazwa. Kikombe kimoja, sahani moja, kisu kimoja. Nilivijua vyombo hivyo. Ninavyo kama hivyo.

Nilimwambia wazi: sahihisho litatoka Jumapili, na litasema ni habari ya Colin. Alitikisa kichwa kukubali. Hakujitetea. Alisema jambo moja tu lililomtisha: baada ya hapo hawezi kuketi pale barazani tena, na hana pengine pa kwenda. Kwao Uingereza hakubaki mtu. Hapa ana lile benchi tu.

Nikamuuliza kwa nini aliichukua habari ya Colin. Nilikuwa na kalamu mkononi, tabia tu. Alisema siku ile ya kwanza alitaka kusema Colin, jina likamkwama kooni. Akasema mimi. Likapita. Siku ya pili lilipita kwa urahisi zaidi.

Nikamuuliza yeye mwenyewe aliona nini. Hakuona kitu. Jikoni chini hamna dirisha. Manowari ya Kimarekani hakuiona hata mara moja mpaka vita vilipokwisha. Aliisikia. Kila ilipofyatua mizinga kuelekea pwani, meli yao ndogo ilitetemeka na unga ukaanguka kutoka rafu ya juu, mwembamba, bila sauti. Alikanda mkate wa watu wote huku unga ukimwangukia kichwani. Colin aliposhuka kutoka kwenye taa alimwita babu, kwa sababu nywele zilikuwa nyeupe. Wakati huo walikuwa vijana.

"Hiyo si hadithi," alisema. "Ni unga tu."

Sikuiandika pale. Naiandika hapa.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimeandika sahihisho. Ukurasa wa Jumapili iliyopita ulimtaja Dennis kuwa ndiye aliyetuma ishara kwa manowari ya Kimarekani. Aliyetuma ni marehemu Colin. Kosa ni la mwandishi. Mhariri alitaka kuondoa sentensi ya mwisho. Nikakataa.

Nilimpigia simu binti wa Colin kumsomea. Alishukuru, kwa ukavu. Kisha akauliza kama Dennis mzima. Nikasema mzima, hatoki. Alisema hana neno na habari ile kusimuliwa. Anafurahi mtu bado anaisimulia. Anataka jina tu.

Nilipita nyuma ya msikiti nikamwambia Dennis maneno hayo kupitia mlangoni, kama alivyoyasema, bila kuongeza. Alisikia; kivuli chake kilikuwa chini ya mlango.

Jumapili, 17 Novemba

Limetoka. Mistari mitatu, karibu na matangazo ya viwanja.

Mvua ya vuli. Barazani watano. Pale pa Colin hapakuketiwa, wala mwisho wa benchi. Kila mtu alikuwa na gazeti lake na hakuna aliyelifungua. Mzee Shee aliuliza mara moja tu, "Mzungu wetu yuwapi?" Hakuelekeza kwa mtu, lakini nilijua swali ni la nani.

Niliondoka kabla ya magharibi. Mtoto alipiga simu. Aliuliza nakula nini. Nikasema nakula.

Jumanne, 19 Novemba

Hakuja. Mvua. Nimeanza kufikiri niache kwenda pale mimi badala yake. Mmoja akiondoka labda mwingine atarudi. Fikra ya kijinga. Watu si meli, hawapishani gatini.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua ilikatika mchana. Tulikuwa tumeshapewa kahawa Dennis alipoingia kwenye uchochoro. Shati limepigwa pasi. Alisalimia mmoja mmoja, kwa mkono, nami pia. Pale pa Colin hakupasogelea. Aliketi mwisho wa benchi.

"Ndoo uketi huku bwana, huko kwadondoka maji," Mzee Shee akamwambia. Akasema pale panamtosha.

Kisha Mzee Shee, akitazama kikombe chake: "Haya. Tupe meli."

Dennis alikohoa. Akasema, "Rafiki yangu Colin alikuwa kwenye taa." Sauti ilimkatika kwenye jina. Hakuna aliyemsaidia. Akalisema tena, likatoka. Alipofika kwenye jibu tulilitamka sote: mkiona tumeruka, simameni. Kisha akaongeza la unga. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza kama mkate ulitoka vizuri. Akasema ulitoka mbaya sana, na Wamarekani waliuomba vilevile.

Mzee Shee akanigeukia. "Nawe, karani wa mochari, waandika hayo?"

Nikasema siandiki. Nikasema pia kwamba neno hilo la karani wa mochari si langu. Ni la mke wangu. Alikuwa akinitania nalo kila nilipomsomea habari zangu. Wakaniuliza jina lake. Kahawa ilikuwa moto. Nilingoja ipoe kidogo.

"Wakio," nikasema.

Mzee Shee akamwombea rehema. Dennis alisogea kunipa nafasi, nami nikahamia mwisho wa benchi, karibu naye, maji yakitudondokea mabegani.